Chuma cha Washana

Majina yakiitwa darasani, kazini au kwenye foleni ya hospitali popote Tanzania, hutakosa Mshana na hutakosa Msuya. Wanapanda daladala moja, wanakopeshana hela, wanaoana. Wote wanajua kwamba asili yao ni Upareni. Wachache ndio wanaojua kwamba mababu wa upande mmoja waliwahi kuwa watawala, mababu wa upande wa pili wakawapindua, na kwamba watawala wale walikuwa wafua chuma. Nilikwenda Mwanga kwa ajili ya habari hiyo. Nilitaka kuiona nchi ambayo ukoo mmoja umeshika kazi ya vyuma kwa takriban miaka mia tano au zaidi, bila kibao mlangoni wala daftari la hesabu, na ambayo bidhaa zake zilivuka tambarare hadi Kilimanjaro wakati hakuna kampuni yoyote iliyokuwa imewaza kuleta jembe Afrika Mashariki.

Mwanga mjini wasafiri wengi wanaupita tu. Mabasi ya Dar es Salaam na Arusha husimama kidogo, abiria ananunua maji na ndizi dirishani, safari inaendelea. Ni makao makuu ya wilaya iliyozaliwa mwaka 1979, Wilaya ya Pare ilipogawanywa, Same ikabaki na kusini, Mwanga ikachukua kaskazini. Tambarare yake ni ya joto, vumbi na mkonge, na magharibi yake kuna bwawa la Nyumba ya Mungu. Kando ya barabara kuu mafundi wa kuchomelea wamejipanga na mageti yao, madirisha ya nondo, vitanda vya chuma na toroli. Nilisimama kwa mmoja wao kuuliza njia, kijana mwenye miwani myeusi iliyosukumwa juu ya paji la uso. Nilipomwambia ninakwenda Ugweno, huko milimani, kutafuta habari za wafua chuma wa zamani alicheka kwa furaha, akaniambia, "Basi umeanzia mahali pake, sisi ni Washana." Fundi mwenzake naye akainua mkono kwamba ni yeye pia.

Barabara ya mlimani inapanda hadi Kikweni, na hapo inagawanyika: mkono mmoja Usangi na Lomwe, mwingine Vuchama na Ugweno. Noah tuliyopanda ilijaa magunia, kuku na wanafunzi. Ndani ya muda mfupi joto la mkonge lilibaki chini, tukaingia kwenye migomba, kahawa, maharage na makorongo yenye maji. Juu kabisa ni msitu wa Kindoroko, wenye kilele cha mita 2,113. Hewa inabadilika ghafla kiasi kwamba abiria wanaojua safari hii hushika sweta mkononi tangu stendi.

Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu mstaafu, Mgweno wa kuzaliwa. Baada ya shikamoo na chai ya maziwa sikumwona akienda kwenye kabati la vitabu. Alichukua sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, akaifunga kwa kipande cha nailoni, akaniambia tushuke mtoni.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Mahali kijito kinapokata kona, maji yalikuwa yameacha mchanga wa rangi mbili: mwingine mweupe wenye kumetameta, na juu yake mistari myembamba myeusi. Mwalimu aliinama, akaipitisha sumaku juu ya ile mistari pole pole. Mchanga mweusi uliruka ukaishika, ukasimama wima kama manyoya ya paka aliyeona mbwa. Akaivuta nailoni, sumaku ikatoka, na chembe zote zikamdondokea kiganjani. Nilizipokea. Zilikuwa chache, lakini uzito wake ulinishangaza.

"Hiki ndicho kilichowalisha," alisema.

Milima ya Upare ni ya kale mno, mawe yake yana umri wa mamia ya mamilioni ya miaka, tofauti kabisa na Kilimanjaro, ambao ni mlima wa volkano na kijana kwa hesabu ya milima. Jiwe la huku likioza kwa mvua na jua, huachia chembe ndogondogo za madini ya chuma yenye sumaku. Maji huzibeba, na kwa kuwa ni nzito kuliko mchanga wa kawaida hutua kwanza, penye kona na nyuma ya mawe makubwa. Kwa hiyo mfua chuma wa Ugweno hakuhitaji shimo la mgodi. Mto ulimchimbia, ukamsagia na kumchagulia, naye akabaki na kazi ya kuuosha mchanga hadi ubaki mweusi mtupu. Wanawake na watoto wangeweza kuikusanya mali hii baada ya kila mvua, na sidhani kuna mgodi uliokuwa na gharama ndogo kuliko huo.

Gharama ilikuja kwenye moto. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za sentigredi, na tanuri la udongo linalopulizwa kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi halifiki huko. Linafika kama 1,200. Maarifa ya wazee yalikuwa katika kujua kwamba hakuna haja ya kufika zaidi. Mkaa ukiungua ndani ya tanuri kwa hewa iliyobanwa, hewa inayotoka humo inayanyang'anya madini oksijeni yake, na chuma kinaanza kujikusanya kikiwa bado kigumu, huku uchafu wa mawe ndio unaoyeyuka na kutiririka chini. Mpulizaji akichoka moto unashuka, na kazi ya kutwa nzima inaharibika. Akizidisha, au mkaa na mchanga vikiongezwa kwa vipimo vibaya, kinatoka kitu kinachovunjika nyundo ikigusa. Mwishoni tanuri linabomolewa na linatolewa bonge lenye matundu, zito, baya kwa sura. Hilo hupashwa moto tena na kupigwa, hupashwa na kupigwa, hadi uchafu uliobaki ndani urushwe nje kwa cheche na chuma kishikamane. Hapo ndipo jembe, shoka, mkuki au kisu kinapoanza kufikiriwa.

Uchafu ule uliotiririka ndio mavi ya chuma, na hauozi. Mwalimu alinipeleka kwenye shamba la mama mmoja, juu kidogo ya kijito, ambako migomba na maharage vimepandwa kwenye matuta. Mama alitukaribisha, akatuonyesha kwa mguu. "Jembe langu likifika hapa linalia," alisema. Alikuwa ameyaokota mabonge hayo miaka yote na kuyapanga ukingoni mwa tuta yazuie udongo usishuke. Niliokota moja. Lilikuwa jeusi lenye ukijivu, upande mmoja umekunjamana mahali uji wa moto ulipopoa huku ukitembea, upande wa pili una vipovu vilivyopasuka. Karibu yake kulikuwa na kipande cha mrija wa udongo, ule uliokuwa ukipeleka hewa tanurini. Mwisho wake wa nje ulikuwa udongo mwekundu wa kawaida tu. Mwisho wake wa ndani ulikuwa umegeuka kioo cheusi chenye kijani, na ndani ya kioo kile niliona alama ya jani au jiti lililonasa wakati mfinyanzi anaukausha. Tulikaa chini kwa muda mrefu tukikipokezana.

Sasa turudi kwa Washana na Wasuya. Aliyeiandika habari hii vizuri kuliko wote ni Profesa Isaria Kimambo, mwenyewe Mpare, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miaka ya 1960 alizunguka milima hii akiwasikiliza wazee wa koo, na mwaka 1969 kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare kikatoka Nairobi. Kwa mapokeo aliyoyakusanya, Ugweno wa mwanzo ulikuwa chini ya Washana. Walikuwa wafua chuma, na utawala wao ulisimama juu ya kazi hiyo, kwa kuwa aliyetaka kulima, kufyeka msitu au kujilinda alipaswa kupita kwao. Kisha ukoo wa Wasuya, ukiongozwa na Angovi, ukala njama na kuwaangusha. Kwa kuhesabu vizazi, Kimambo aliliweka tukio hilo karibu na karne ya 16. Mwana wa Angovi, Mranga, ndiye aliyeijenga dola yenyewe: akaweka mabaraza na maofisa, na akaifanya jando ya msituni, mshitu, kuwa jambo la nchi nzima badala ya jambo la kila ukoo peke yake. Utawala wa Wasuya ukadumu karne kadhaa.

Jina la Msuya Watanzania wengi walilizoea kwa Cleopa David Msuya, mzaliwa wa Usangi, Waziri Mkuu kuanzia 1980 hadi 1983 na tena 1994 hadi 1995, ambaye pia aliwahi kuongoza wizara ya viwanda. Alifariki Mei 2025 na kuzikwa kwao Usangi. Nilikuwa njiani nikiwaza jinsi ukoo uliowapindua wenye viwanda vya kale vya milima hii ulivyokuja kumtoa mtu wa kuweka sahihi juu ya viwanda vya Tanzania nzima.

Sehemu ya habari hii inayonigusa zaidi ni ile inayofuata mapinduzi, na vitabu huipitia haraka. Wasuya walichukua kiti, ngoma na msitu wa jando. Matanuri waliyaacha kwa wenyewe. Mshana aliyenyang'anywa utawala aliamka kesho yake akaendelea kupuliza moto, kwa kuwa yule aliyemnyang'anya naye alikuwa na shamba la kulima na mpaka wa kulinda. Nimesoma historia nyingi za mapinduzi, na mara nyingi mshindi huvunja chanzo cha nguvu za aliyeshindwa ili asiinuke tena. Huku haikuwezekana. Ufundi ulikuwa mikononi na machoni mwa watu, katika kuitambua rangi ya moto na sauti ya mvukuto, na kumuua fundi kungekuwa kuliua jembe la kila nyumba. Ndiyo maana dola ya Washana ilikoma na kazi ya Washana ikabaki. Dola ya Wasuya nayo ilidhoofika katika karne ya 19, ikaja kumezwa na Wajerumani, na kazi ya Washana ikawa bado ipo.

Wateja wakubwa walikuwa ng'ambo ya tambarare. Ukisimama ukingo wa kaskazini wa Ugweno asubuhi isiyo na mawingu unauona Kilimanjaro wote, na chini kulia Ziwa Jipe likiwa mpakani mwa Tanzania na Kenya. Kule mlimani kulikuwa na watu wengi, migomba mingi, vita vya mara kwa mara kati ya watawala wao, mamangi, na hakukuwa na wayeyushaji wa kutosheleza hayo yote. Wachaga walikuwa na wahunzi hodari wa kufua, lakini chuma chenyewe walikitegemea Ugweno. Charles Dundas, ofisa Mwingereza aliyekiandika kitabu chake juu ya Kilimanjaro mwaka 1924, aliujua uhusiano huo. Kabla yake, mwaka 1912, mmisionari Mjerumani Bruno Gutmann wa Moshi ya Kale alichapisha makala nzima juu ya mhunzi wa Kichaga, akieleza jinsi watu walivyomheshimu na kumwogopa, na jinsi laana iliyotamkwa kwa nyundo ilivyotisha kuliko nyingine. Baadhi ya mikuki ya Wamasai wa tambarare nayo ilitoka kwa mafundi wa milimani.

Na wafua chuma wa Ugweno hawakuwa peke yao katika nchi hii. Buhaya, upande wa pili wa Ziwa Victoria, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science mwaka 1978 kwamba wazee wa huko waliweza kulijenga tanuri la mababu zao na kutoa chuma kigumu chenye kaboni, na kwamba mabaki ya matanuri ya namna hiyo yana umri wa zaidi ya miaka 1,500. Magharibi, mwishoni mwa karne ya 19, soko la Tabora lilikadiriwa kupitisha majembe 150,000 kwa mwaka, yaliyofuliwa na wahunzi wa nchi za kusini mwa Ziwa Victoria. Ninapomsikia mtu akisema viwanda vililetwa huku na reli, natamani nimpeleke kwa yule mama mwenye matuta.

Kilichokuja na wageni kwanza kilikuwa waya. Misafara ya pwani ilipopanda bonde la Mto Pangani katika karne ya 19, mizigo yake ilikuwa nguo, shanga, na mafungu ya waya wa shaba, wa shaba ya manjano na wa chuma. Msafiri Joseph Thomson alipovuka nchi ya Wamasai mwaka 1883 na 1884 alibeba mizigo ya waya huo, kwa kuwa bila waya hakuna aliyempa njia. Shaba ikawa bangili na mikufu, ikazungushwa mikononi na miguuni mwa wanawake wa milima hii na wa tambarare. Kwa mhunzi waya ulikuwa neema na msiba pamoja. Chuma kilichokwisha kusafishwa kilimfikia mlangoni, akaokoa mkaa na siku za kupuliza, na mwanawe akakua bila kuliona tanuri likiwashwa. Kisha Wajerumani, kisha reli ya Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911, kisha majembe ya viwandani kutoka Ulaya, misitu ikawekewa mipaka na mkaa ukawa na sheria. Matanuri yakazimika. Miaka ya baada ya uhuru yakaja majembe ya UFI, kile kiwanda cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China, na duka la kijijini likajaa.

Lakini nyundo haikuzimika. Mhunzi niliyemtembelea Ugweno ana kibanda cha mabati kilichofunguliwa pande mbili. Mkaa wake uko ndani ya shimo lililozungushiwa mawe, na mvukuto wake ni feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli. Fuawe yake ni kipande cha taruma la reli kilichosimikwa kwenye gogo. Chuma chake ni springi za malori. "Springi ya lori ni chuma kilichokwisha kuteswa," aliniambia, "hakina uongo tena." Alikata kipande kwa tindo, akakisukuma motoni, akaanza kuongea na mimi juu ya shule za wajukuu zake bila kukitazama. Katikati ya sentensi alinyamaza, akakivuta kwa koleo. Kilikuwa na rangi ya chungwa bivu. Mapigo yake ya kwanza yalikuwa mazito na ya polepole, ya kukitandaza, kisha yakawa mepesi ya haraka ya kukipindisha shingo, na mundu ukaonekana. Aliurudisha motoni mara kadhaa. Mwishoni alisubiri rangi ishuke hadi nyekundu, akatumbukiza ukingo peke yake kwenye maji na kuuacha mgongo upoe kwa hewa, ili ukingo uwe mkali na mgongo usivunjike. Nilimuuliza nani alimfundisha kuacha mgongo nje. Baba yake. Na baba? Baba yake.

Mkewe alinionyesha bangili mbili za shaba za mama mkwe wake, nene, zilizolika upande wa ndani kwa miaka ya kuvaliwa. Wanunuzi wa vyuma chakavu hupita na mizani yao wakiulizia vitu kama hivi kwa kilo. Nilifurahi sana kusikia kwamba hauzi.

Sina furaha hiyo kwa mabonge yaliyoko mashambani. Wataalamu wanayajua: Knut Odner alichimba Upare Kaskazini na mwaka 1971 akaandika juu ya vyungu vya kale vilivyopatikana penye Hospitali ya Usangi. Matthias Heckmann alichapisha mwaka 2014 utafiti wake juu ya miaka elfu mbili ya kilimo, uyeyushaji, misafara na mmomonyoko wa udongo katika milima hii, na mwaka 2018 Louise Iles na wenzake wakachapisha uchambuzi wa mavi ya chuma ya hapa katika jarida la akiolojia ya Afrika. Vijijini nilikopita sikukuta hata ubao mmoja wa kumwambia mwanafunzi kwamba hapa mababu zake waliyeyusha chuma. Mwalimu anasema barabara ikitengenezwa mabonge hubebwa pamoja na kifusi. Inaniuma. Msingi wa nyumba ya mkoloni huwekewa uzio na maelezo, na mimi sioni kwa nini lundo la kale la mavi ya chuma lisipate angalau jiwe lililopakwa chokaa na maneno mawili. Ofisi za kata zipo, shule zipo, wazee wanaojua mahali pa kila lundo bado wapo. Kazi yenyewe inaweza kufanywa na darasa moja la sekondari kwa likizo moja.

Nilinunua mundu ule ule niliouona ukizaliwa. Nilitaka na wa pili, wa kumpelekea dada yangu, lakini mhunzi alikataa kuuza iliyokuwa imepangwa ukutani. Ilikuwa na mwenyewe, mfanyabiashara wa Himo anayeichukua kila mwaka kabla ya msimu wa kufyeka na kuisambaza kwenye masoko ya Wachaga, Marangu hadi Rombo. Wanasema ya dukani inapinda kwenye mgomba. Mhunzi aliniomba nisogee kidogo nisizibe mwanga, maana ilikuwa bado mipini kadhaa haijatiwa, na Noah ya kuishusha ilikuwa inaondoka saa kumi.